Mngoje Chini

Ijumaa, mapema, Maskati haijafumbua macho,
tumetoka na magodoro mawili ya sponji juu ya gari,
tuliyonunua Ruwi, tukayafunga kwa kamba ya kuanikia nguo.
Kaka yangu anajua tumekwenda kupika wali kando ya maji.
Na sufuria nimeichukua, nisiwe mwongo kabisa.

Bwawa la Wadi Dayqah limejaa hadi shavuni.
Maji ya kijani yametulia
kama mtu anayesikiliza ugomvi wa nyumba ya pili.
Juu, bustanini, watoto wameshaanza kugombea bembea;
mlinzi anapuliza filimbi kumkataza kuogelea
bwana ambaye hajavua hata kiatu.

Sisi tumeshuka upande wa mawe.
Jiwe letu ni kimo cha milango miwili,
kokoto zimegandamana na kokoto
kama mkate wa zabibu uliosahauliwa juani.
Raiyya amelipa jina hilo, Mkate,
na kila Ijumaa husema: leo naula.

Amevaa viatu vya mpira vinavyomkunja vidole.
Amejipaka chaki viganjani, utadhani anataka kusukuma chapati.
"Shangazi, usinidake. Nikianguka, nielekeze tu godoroni.
Linda kichwa na mgongo. Miguu niachie mwenyewe."
Nami, niliyehesabu vidonge vya watu miaka ishirini na sita
katika duka la dawa la Al Khuwair,
nimekunja mikono ya abaya, nimeinua viganja
kama mtu anayeomba dua,
ila macho nimeyakodoa.

Papo kwa papo kamba hukata jiwe, walisema.
Hapa kamba haipo, ile yetu imebaki kwenye gari.
Pana kidole, pana ukingo mwembamba kama ukucha,
na pumzi.
Mwamba ngoma, walisema tena, huvutia kwake.
Na mwamba huu nao huvutia kwake,
na kwake ni chini.

Mara ya kwanza ameanguka akicheka.
Mara ya pili hakucheka.
Mara ya tatu ngozi ya kidole imebaki kulekule;
amekaa godoroni akinyonya damu, akilitazama jiwe
kama wake wenza wanavyotazamana msibani.

Jikoni kwa mama yangu, Seeb, methali ilikuwa kisu.
Jirani akinunua gari: aliye juu, mngoje chini.
Binamu akiolewa na tajiri: mngoje chini.
Wakangoja, huku wakikuna nazi.
Wengine walianguka kweli,
na siku hiyo chai ilinyweka.
Nami nimewahi kungoja hivyo, sikatai,
watu wawili watatu, majina nayajua.

Sasa Raiyya yuko juu yangu,
mguu unamtetemeka kama sindano ya cherehani,
na viganja vyangu vinapanda naye shubiri kwa shubiri,
vimebeba uzito wake ambao haujaja.
Namngoja chini.
Namngoja chini, Mola wangu, asije.

Kiwiko.
Goti.
Halafu hayupo.

Nimebaki na mikono juu mbele ya jiwe tupu,
na yule mlinzi ananitazama.
Kimya, hadi kichwa kikachomoza kule juu,
nywele zote chaki:
"Shangazi! Huku kuna mavi ya mbuzi!"

Mbuzi alitangulia. Bila viatu, bila godoro,
na pengine bila shangazi.

Aliposhuka akasema zamu yangu.
Nikavua kandambili. Jiwe lilikuwa baridi
kuliko nilivyodhani, na lina meno.
Nilipanda dhiraa moja, tuseme na shubiri,
nikaganda hapo kama mjusi,
nikisikia nyuma yangu bangili zikigongana:
mikono yake inainuka.

Wali tuliupika. Uliungua chini.
Ukoko tukaugombania.