Mto Uliokataa Kushuka

Wahunzi wa Ukinga wanadai joka ni kazi ya mikono yao:
usiku mmoja mvukuto ulisahauliwa wazi,
tanuri likavuta pumzi lenyewe, likaota miguu,
likaenda zake likidondosha makaa kwenye nyasi za Kitulo.
Waongo. Miaka kumi na mitatu nimepima chuma chao
kwenye mizani ya Isongole.
Chuma hakina kinyongo.

Wachunga kondoo wa Uporoto nao wana yao:
joka ni ukungu uliokaa mno bondeni
hadi ukafanya ngozi, kama maziwa yanavyofanya utando.
Hii nzuri. Nusura niiamini.
Lakini ukungu huondoka saa nne, jua likiukaripia,
na joka halijawahi kukaripiwa likaondoka.

Sikilizeni basi ya karani.

Mito yote ilizaliwa siku moja,
Rungwe akiwa bado laini, wa moto,
kama kiazi kinachotolewa majivuni.
Ikaitwa kwa majina.
Kiwira, shuka. Ukashuka, ukatoboa mwamba ukipita.
Mbaka, shuka. Lufilyo, shuka.
Ikateremka Nyasa kwa kelele, watoto walioachiwa shule.
Mmoja ukauliza: Huko chini kuna nini?

Mlima haukuwa na jibu. Haukuwahi kushuka.

Mto ule ukajizungusha, mkia ukakutana na mdomo,
ukalala ndani ya shimo la Ngosi, ukakataa.

Maji yaliyotuama huoza, sote twajua.
Haya hayakuoza. Yaliwaza, na kuwaza kukayapasha moto.
Mawe yaliyobebwa toka kileleni, yakikosa pa kutuliwa,
yakajipanga mgongoni, hili likililalia lile.
Mianzi iliyong'olewa ikawa mbavu.
Na mabawa?
Mabawa ni kingo zake mbili,
maana kila mto una kingo,
na huu haukuwa na bonde la kuziegemeza.
Macho sijui. Sijayaona yakifumbuliwa.

Halilalii dhahabu, msidanganywe.
Dhahabu iko Chunya, kwenye joto lake.
Hili linalalia swali.
Likishikwa na njaa hutafuna mwamba,
na makombo yake ni yale mawe mepesi yanayoelea,
tunayosugulia visigino.
Likikohoa, chemchemi za bondeni hutokota,
na Mama Tumpe hushuka na kikapu cha mayai.

Mara moja tu lilisimama.
Mtwa wa nyanda za Usangu alileta majembe mia nne:
lichimbwe tundu, maji yashuke yakanyweshe mpunga wake.
Nikakodiwa kupima udongo uliotolewa.
Siku ya nane ziwa liliinuka.
Halikufurika. Liliinuka, kama mtu anavyoinuka
mgeni asiyemtarajia akiingia.
Mvuke ukatulowesha mashati. Macho yamefumba.

Huko chini kuna nini?

Majembe mia nne, kimya.
Kijana mmoja, Mgovano, akajibu: Kuna mpunga.
Na baada ya mpunga?
Kuna mto mkubwa.
Na baada ya mto mkubwa?
Bahari, wanasema.
Na wewe umeiona?

Hakuna aliyeunguzwa. Ningependa kusema waliunguzwa,
hadithi ingeuzika hadi Makambako.
Walikunja vitambaa vyao wakateremka,
mfereji ukajifukia kwa mvua ya kwanza,
sasa umeota magugu ya kondoo.

Mgovano hakuteremka.
Analima pareto juu ya kingo za shimo.
Kila Jumanne huniletea maua yake makavu,
na nikiinama kusoma mizani
nasikia kifua chake kikitoa sauti ndogo
ya maji yanayokaribia kuchemka.

Ndugu yangu Ambilikile ameandika tena kutoka bondeni.
Kuna kazi, kuna jua, kuna nyumba ya bati:
shuka, anasema, unangoja nini huko kwenye baridi?
Barua nimeiweka chini ya jiwe la kilo tano.
Leo mikono yangu ina joto.
Nimeigusa mizani, sindano ikatetemeka,
na hapakuwa na kitu juu yake.