Maharagwe Themanini na Matatu

Upepo hapa hauvumi tu, unaishi.
Una kiti chake mezani, una ufunguo wake,
na kila asubuhi nikifagia kizingiti
natoa mchanga ule ule nilioutoa jana.

Eliseo huamka kabla ya birika.
Huisikiliza pampu: ikilia kama mlango mbovu,
maji yapo. Ikinyamaza
twachukua ndoo na kamba, hatusemezani,
mita kumi na tisa kwenda chini.
Maji yana ladha ya misumari.
Kondoo huyanywa kana kwamba wanatudai.

Leo ni siku ya kuwafungua macho.
Tangu wanyolewe Oktoba sufu imewaota usoni,
imewaziba, wanagonga nguzo za ua,
wanafuata kengele badala ya nyasi.
Mimi nakibana kichwa katikati ya magoti,
yeye anakata.
Hatazami. Anapapasa kwa kidole gumba,
anajua mfupa unapoishia.
Daktari wa Trelew alimwandikia jambo mwaka juzi
kuhusu jicho la kushoto.
Karatasi imo ndani ya kopo la sukari.

Kondoo akiachiwa husimama kwanza.
Anakitazama kilima. Kilikuwa pale siku zote,
naye anakishangaa kama mgeni aliyeingia bila hodi,
halafu anapiga chafya, anakwenda zake kukojoa.

Adhuhuri, mkate na mafuta ya kondoo,
chai ya mate kwa mrija mmoja, zamu kwa zamu.
Redio inasoma salamu za watu wa mashambani:
*Kwa Celinda Huenchul, Kisima cha Mbweha.
Nélida amefaulu hesabu. Viatu vinambana.*
Sasa uwanda mzima unajua mguu wa binti yangu umekua.
Viatu ni kilo kumi na nne za sufu,
kama mnunuzi hatakanyaga mizani,
na sufu yenyewe ingali inatembea.

Jioni tunahesabu langoni.
Yeye anakata hewa kwa kiganja, midomo ikicheza.
Mimi upande wa pili, kila kondoo na haragwe lake,
kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto.
"Themanini na wanne," anasema.
Kwangu themanini na matatu.
"Sawa," nikasema.
Miaka thelathini na mmoja hajakosea hesabu ya kondoo.
Mtu hasahihishwi mbele ya mbwa wake.

Alipoanza kukoroma nilichukua tochi.
Nilimkuta korongoni, chali,
sufu imemlemea, miguu minne ikiiuliza mbingu,
na mbweha ameketi kando, mstaarabu,
kama anayesubiri ofisi ifunguliwe.
Nilimrushia jiwe, na tusi la Kimapuche
ambalo bibi alinikataza.
Kisha nikamwinua yule kondoo, nikamshika wima
mpaka damu ikumbuke njia ya magotini.
Alinielemea. Macho yake mapya
yaliimeza tochi yote.
Nilipima uzito wa manyoya yake kwa mikono:
kiatu kimoja, labda, bila kamba.

"Ulikuwa wapi?" akauliza, uso ukutani.
"Chooni."
"Muda wote huo?"
"Upepo," nikasema.
Upepo wa huku umebeba lawama nyingi,
moja zaidi haitauvunja mgongo.

Asubuhi akahesabu wakitoka. Themanini na wanne.
"Umeona?"
"Nimeona."
Nikatia maharagwe chunguni. Moja lilikuwa na tundu.

Usiku, miguu yangu imepumzika karibu na jiko,
akaivuta pajani mwake bila kuuliza.
Akaitoa miiba kwenye soksi kwa kupapasa,
mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti.
Alisema saba.
Ilikuwa minane.