Safu ya Tatu

Juni, nje kidogo ya Orosháza,
ngano imefika kiunoni, vifundo bado vina ukijani.
Emese ana fremu ya mbao, nusu mita kwa nusu mita:
anaitua, anapiga magoti, anahesabu.

Vidukari, wengi mno. Anaandika hivyo hivyo, *wengi mno*,
kisha anafuta, anaandika mia nne.
Vidudu-kibibi, tisa.
Wanane wanakula kama vibarua waliolipwa kwa siku.
Wa tisa kasimama kwenye jani la juu, chini ya suke,
hali, haruki,
miguu yote sita imekumbatia kifuko cha nyuzi
rangi ya chai ya maziwa.
Ukimgusa kwa ncha ya kalamu anatetemeka
mwili mzima, mara moja,
kama friji kuukuu inapojizima usiku.

"Mama mwema," anasema Gáspár, mwenye shamba,
kofia mkononi, tangi la dawa limeshajazwa nyuma ya trekta.
"Angalia anavyolinda yai lake."

Si yai lake, Gáspár.
Wiki tatu nyuma alipita nyigu, mwembamba kama alama ya mkato,
jike, binti wa jike, mjukuu wa jike,
ukoo usiojua neno baba.
Alimwona kibibi akitembea (aliyetulia hamtaki),
akamwandama, akakunja tumbo kati ya miguu yake mwenyewe,
akamchoma pale gamba jekundu lisipofika.
Yai moja. Akaenda zake.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alikaa siku ishirini, jembe hakulishika.
Alikula mafuta, akala mayai ambayo hayajatagwa,
moyo akauacha, utumbo akauacha,
kwa adabu ya mpangaji asiyetaka nyumba ianguke
akiwa bado ndani.
Na kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo;
ila hiki kilimfanya yeye nguo,
kikamvua, kikajisokotea kitanda katikati ya miguu yake,
kikamwachia zamu ya ulinzi.

Emese hakuyasema yote haya.
Alisema tu, "Nipe wiki moja,"
akakata jani, akalitia kwenye kikombe cha mtindi
pamoja na kibibi na kifuko,
akatoboa kifuniko matundu matatu kwa pini.

Fomu ya taasisi ina safu mbili: hai, mfu.

Siku ya saba nyigu alitoboa kifuko, akakausha mabawa,
akatokea dirishani bila kuaga.
Siku ya nane Emese alikwenda kumtupa kibibi.
Mguu mmoja ukajikunja.
Akadhani ni upepo, akafunga dirisha.
Mguu ukajikunja tena.
Jioni akamletea kidukari mmoja, mnene, wa kijani.
Kibibi alimzunguka, akapotea, akarudi,
akala nusu, polepole, kama aliyesahau ladha.

Emese alitafuta rula,
akachora mstari kwenye karatasi ya serikali.
Safu ya tatu. Juu yake hakuandika neno.

Kisha akapiga simu kuomba siku nyingine mbili.
Gáspár alisema hakuna haraka,
dawa hajapiga, trekta limemsumbua wiki nzima.

Trekta lile ni jipya. Alilinunua Machi.