Eda Mbili

Babu Shebwana alikaa kinyumenyume.
Kwenye feri ya Likoni, wote wakitazama ng'ambo,
yeye aligeukia walikotoka,
mgongo kwa safari, macho kwa povu.
"Nimezoea," alisema, na hakuongeza.

Alianza kuli wa Kipevu,
akipakia mabomu kwenye ndege zielezo,
zile zenye tumbo la mashua na mabawa marefu kama deni.
Kijumba cha kioo cha nyuma kilikuwa na mzungu wake.
Mzungu akashikwa na homa,
akitetemeka chini ya mablanketi sita.
Kapteni akauliza nani ana macho.
Babu alikuwa na macho:
alisoma jina la meli kabla haijafika Ras Serani.
Wakampa koti la ngozi la mgonjwa, bado na jasho lake,
wakamkalisha nyuma ya bunduki.
Hakuna aliyeandika jina.

Rubani huiona dunia ikija.
Babu aliiona ikiondoka:
Mombasa nzima, na bibi yangu ndani yake akichekecha unga,
ikawa sahani, ikawa kikombe,
ikawa chembe ya mchanga jichoni.
Safari kumi na moja. Alizifunga mafundo kwenye kamba ya suruali.
Ya kumi na mbili haikupata fundo.

Waliangukia upande wa Bukini.
Sita waliingia majini, wanne wakatoka.
Ufukweni askari wakauliza kila mtu cheo chake,
na kapteni, meno yakigongana, akamnyooshea babu kidole:
Mpishi.

Maisha yake yote babu aliligeuza neno hilo
kama mtu ageuzavyo sarafu asiyoiamini.
Liliniokoa, au liliniuza?
Maana mpishi hatiwi pingu, kweli.
Na mpishi hahesabiwi.

Miezi saba alipika:
mihogo, wali wa majimaji,
nyama ya ng'ombe aliyejifia, ambayo yeye hakuila.
Waliofungwa walikula mkononi mwake, na waliofunga wakala.
Ramadhani ikamkuta jikoni humo,
amefungwa, amefunga,
anaonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema.

Huku Kuze orodha ya mateka ilifika: majina matatu, yote ya kizungu.
Bibi Mwanasiti akavua dhahabu,
akamkalia eda mume aliye hai,
miezi minne na siku kumi
bila wanja, bila udi, bila asumini.
Hitima ikasomwa. Halua ikaliwa.
Eda ikaisha, posa ikaja
ya mwenye duka la mafuta ya taa huko Makadara,
ikajibiwa "tutatazama."
Ndipo babu akapiga hodi, amekonda, na upawa mkononi.
Bibi hakulia. Alimtazama chini hadi juu.
"Halua yako imekwisha."

Ofisini karani akapekua madaftari.
Wapiga bunduki: hayumo.
Makuli: ametoroka kazini.
Wapishi: hatukupeleka mpishi angani.
Akalipwa siku tatu za Kipevu,
zile za kabla ya homa ya mzungu.

Miaka mingi baadaye tulihamia Magongo, chini ya njia ya ndege.
Watalii walishuka juu ya mabati yetu,
vikombe vikalia kabatini.
Babu alitoka uani,
akazipa mgongo zikija,
akazisindikiza zikishapita, midomo ikihesabu.
Niliwahi kumuuliza alimpiga nani kwa bunduki ile.
Akasema: maji. Nilipiga maji.
Baada ya muda akasema: nadhani.

Alikufa mwezi wa mvua za vuli.
Bibi akavua tena dhahabu, akaingia chumbani,
akisema kwa sauti tuliyoisikia hadi jikoni:
"Mume mmoja, eda mbili.
Na hii, Shebwana, usinirudie."
Lakini kila jioni, kabla ya komeo kupita,
alinituma mlangoni nikatazame.