Mtahini wa Jikoni

Mkamwana wangu Gintvilė amenipa cheo:
kuanzia saa moja jioni hadi chai ipoe
mimi ni Profesa.
Nimefunga tai ya siku niliyostaafu,
mimi niliyeendesha basi la umeme miaka thelathini na moja
nikipanda na kushuka vilima vya Kaunas,
nisimuulize abiria lolote ila tiketi.

Kadi ni mia mbili na kumi, ndani ya kopo la biskuti.
Nachomoa moja, nakohoa kama mwenye shahada,
nasoma taratibu, maana miwani ina ufa:
"Mgonjwa anasikia sauti. Utaanza na swali gani?"
Anajibu huku anasugua sufuria ya viazi.
Nitamuuliza zinasema nini.
Nitamuuliza kama zinamwamuru.
Nitamuuliza mara ya mwisho amelala lini.
Nageuza kadi. Sawa kabisa. Lakini nakunja uso,
kwani aliniagiza: "Usinichekee, baba,
wale watatu hawatacheka."

Wale watatu tumewaweka mezani:
kopo la chumvi ndiye mwenyekiti,
birika ni yule mama wa takwimu,
kitunguu ni daktari mgeni kutoka Vilnius,
hodari wa kukatiza watu.
Gintvilė anakausha mikono, anaketi,
anawatazama mmoja mmoja,
anavuta pumzi hadi nne, anaitoa hadi sita.

Nje theluji inaanguka bila kuulizwa.

Kadi ya sitini na kitu.
"Tofautisha majonzi ya msiba na sonona."
Naisoma kwa sauti. Naisoma tena, kimoyomoyo.
Yeye keshaondoka, ulimi umeshika waya:
majonzi huja kwa mawimbi, sonona hukaa;
mfiwa humlilia aliyekwenda,
mwenye sonona hujilaani nafsi yake;
na muda, lazima kutazama muda, miezi

Vyuma vimechomoka wayani.

Ameviona viatu vya Danguolė kando ya mlango,
vile vya manyoya, vidole vikielekea ndani
kama vya mtu aliyeingia sasa hivi.
Huu msimu wa pili wa baridi. Hakuna aliyevisogeza,
hata yeye, hufagia akivizunguka.

Ningeweza kuirudisha kadi koponi.
Lakini mtahini ni mtahini.
"Endelea," nasema. "Miezi mingapi?"

Ananitazama mimi, si chumvi, si birika.
"Kitabu kina namba. Nitawapa namba yao.
Kisha nitasema, kabla sijahesabu miezi
ningemuuliza mwenyewe
vile viatu vinamwambia nini asubuhi."

Nageuza kadi. Nyuma hilo halipo.

Naandika pembeni kwa kalamu ya risasi,
kwa mwandiko wangu wa dereva:
*vinaniambia nivae soksi.*
Nampa asome. Anacheka, halafu hacheki.

"Alama ngapi?"
"Matokeo," nasema, "hutolewa Ijumaa."
Kitunguu kimebingirika hadi ukingoni mwa meza.
Nakizuia kwa kiwiko,
nachomoa nyingine.