Spana Namba Kumi na Tisa

Mie ndiye mgeuza namba.
Nyuki wa Limbani wakifunga, nageuza kibao.
Saba yetu imepotea tangu mwaka wa mvua kubwa,
natumia moja, nimeibandika kijiti cha kiberiti begani.
Wenyeji wanaelewa. Wageni huuliza.

Saruji hii aliimwaga marehemu Shoka Ngwali
kwa pesa za karafuu, msimu mmoja mkubwa,
akasema, "Chezeni."
Neno hilo moja ndiyo hati yetu, ndiyo mhuri.
Halikuandikwa, na aliyelisema kazikwa.

Warithi wake saba (nao, saba!) wanauliza
mpira unaanikwa ukauzwa pishi ngapi?
Msimu ukiingia, jamvi moja elfu mbili kwa siku,
na kiwanja kinameza majamvi mia na ushei:
piga hesabu, wewe uliyesoma.
Baraza la Mji nalo limekuja na futi kamba.
Ardhi ni yetu, kasema karani,
na kama ardhi ni yetu, kodi ni yetu,
na ya miaka kumi na minne hamjalipa.

Hapo Mwenyekiti Asaa Sharboko,
aliyeuza pikipiki mbili kulipa mshahara wa kwanza wa wachezaji,
kapanda juu ya kiti cha plastiki:
"Tunahama."

Unguja, kasema. Kuna watu wana ukumbi,
una paa, una taa, sakafu ya mbao inayolia chini ya kiatu kipya,
na viti ambavyo haviazimwi kwa ajili ya maulidi.
Fuata nyuki ule asali, walisema wazee.
Hawa wanataka nyuki aifuate asali.

Usinielewe vibaya. Paa nalitaka.
Vuli iliyopita tuliongoza kwa pointi nne, ikanyesha,
refa akamaliza mchezo na kanga ya Bi Mize kichwani.
Na Kombo Faki kifundo chake kiliteguka
kwa makonyo yaliyosahauliwa na ufagio.
Mpira wetu unanuka karafuu
hata timu za bara hupiga chafya kwenye mtupo wa adhabu,
na chafya hiyo, niseme kweli, imetupa ushindi mara mbili.

"Timu ya kulipwa haina kwao," anasema Khatib wa redio,
"kwao ni pale mshahara unapoingia."
Namjibu kimoyomoyo: na jina je?
Nyuki wa Limbani wakicheza Unguja,
Limbani itapanda boti gani?
Nani atambeba yule mtoto wa Riziki, wa juu ya ukuta,
anayejua pointi za kila mchezaji
na hajui saba mara nane?

Wala warithi si mashetani.
Mkubwa wao, Tumu, ana mume hajiwezi,
na karafuu mbichi haingoji mtu.
Juzi alfajiri nilimkuta peke yake uwanjani, kashika mpira.
Akaurusha kwa mikono miwili kutoka chini,
kama mtu amwagaye maji ya kufulia.
Ukaingia.
Akanitazama. Nikageuza kibao: mbili.
Hakucheka.
Ila kesho yake, chini ya mlingoti ule, hakutandika jamvi.

Leo Alhamisi, gari la mizigo linanguruma mlangoni,
linakwenda Mkoani.
Asaa anataka ringi zishushwe; ni mali ya klabu, risiti anazo.
Kweli anazo.
Vijana wako juu ya ngazi, bolti zimeshikwa na kutu ya chumvi.
"Spana! Namba kumi na tisa!"
Karani anaikunja futi kamba, anaikunjua.
Tumu anachambua karafuu iliyokwisha kuchambuliwa.
Na Asaa mwenyewe, naona, hatafuti kwa bidii,
anapekua mfuko uleule mara ya tatu.

"Mgeuza namba, hujaiona?"

Nimesema sijaiona.
Si uongo mkubwa.
Mtu haoni alichokikalia.