Hali ya Nyumba, Siku ya Kuingia

Liège, orofa ya tatu, lifti haipo.
Bwana Hennuy amekuja na tochi, futi kamba,
na kalamu aliyoining'iniza shingoni kwa uzi.
"Tuanze na mlango," anasema,
na kweli tunauanza, kana kwamba mlango
nao una haki ya kusomewa mashtaka.

Mkwaruzo mmoja, sentimita nne, chini ya kitasa.
Piga picha.
Nimekwisha piga tatu.
Kule Seraing nilikatwa amana yangu nzima
kwa alama ya pasi iliyokuwa pale
kabla sijaijua hata anwani.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka;
mimi hushtuka nikiona zulia.

Agonga vigae vya bafuni kwa kifundo cha kidole,
sikio kaliinamisha kama tabibu wa mapafu.
"Hiki kitupu. Na hiki. Hiki kizima."
Ukurasa wa saba.
Dirisha la mashariki: linafunga, ukilibembeleza.
Hapana, "ukilibembeleza" lafutwa.
Fomu yataka linafunga au halifungi.

"Na harufu?"
Harufu gani?
"Hii ya vitunguu, chumba cha nyuma, ukutani,
kama kwamba aliyepika hapa miaka thelathini
ameshuka tu kununua mkate."

Bwana Hennuy avuta hewa. Avuta tena.
"Bi Lambertine," asema. "Machi nilimwandikia ya kutoka.
Alitaka niseme kuta hazikuwa na rangi alipoingia,
kwamba mumewe ndiye aliyezipaka, Jumapili mbili, bila ngazi.
Sikuandika. Hapakuwa na kisanduku chake."

Kisha, pambizoni, kwa herufi ndogo kama chawa:
Vitunguu. Hafifu. Chumba cha nyuma.

Tukatia sahihi kila ukurasa.
Mtoto wa mwenye nyumba akatia zake bila kusoma,
akanipa funguo mbili kati ya tatu.

Usiku, godoro sakafuni, masanduku bado yamefungwa,
bomba la jikoni ladondosha.
Tone. Nahesabu hadi kumi na tisa. Tone.
Hili halimo!
Naamka, nawasha taa, naweka karatasi gotini;
nimepewa mwezi mmoja kuongeza nilichosahau.
Naandika: Bomba.
Tone.
Kumi na saba, kumi na nane,
nasita, kalamu hewani.

Tone.

Nalifuta neno.
Mpira wa bomba ni senti themanini,
duka li pale kona.
Hili nitalitengeneza mwenyewe.